Mchoro wa galaksi unapokataa kufanana na ulichokiona: dalili, sababu na marekebisho

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana darubini kubwa ya vioo kwenye kitako cha aina ya Dobson, anajua kuitafuta galaksi anayoitaka, na bado kila akiutazama mchoro wake asubuhi anakuta haukubeba kile alichokiona usiku. Mifano yangu inatokana na darubini yenye kioo cha sentimita 40 na urefu wa fokasi wa milimita 1800, ninayoitumia kwenye nyanda za juu za Iringa. Nimepanga matatizo kwa kufuata dalili, kwa sababu mtu aliye gizani na penseli mkononi haijui sababu bado. Anachojua ni kwamba kazi haiendi sawa. Niseme mapema kwamba katika makosa niliyoyafanya mwenyewe na niliyoyaona kwa wenzangu, machache sana yalitokana na darubini. Mengi yalitokana na jicho lisilopewa muda, na mkono uliolitangulia jicho.

Galaksi ni ukungu tu, hakuna cha kuchora

Hii ndiyo dalili inayowakatisha watu tamaa kuliko zote, na kabla ya kulaumu kioo ni vyema kujiuliza umekaa gizani kwa muda gani. Mboni ya jicho hupanuka upesi, lakini kemikali ya retina inayopokea mwanga hafifu huhitaji nusu saa au zaidi ili ijijenge upya, na ukiwasha simu mara moja tu, hata ukiwa umeigeuza rangi kuwa nyekundu, unaweza kulazimika kuanza kusubiri tena. Tochi nyekundu ya kuchorea iwe hafifu kiasi kwamba unaiona karatasi kwa shida kidogo. Zaidi ya hapo, jifunike kichwa na kaniki au shuka nyeusi nzito wakati jicho liko kwenye lenzi, kwa maana hata mwanga wa nyota na wa upeo wa mbali unaoingia kwa pembeni unapunguza kile unachoweza kuona. Jicho lisilotumika liache wazi chini ya nguo hiyo hiyo, kwani kulifumba kwa nguvu huchosha uso mzima baada ya dakika tano.

Sababu ya pili ni kuitazama galaksi moja kwa moja. Katikati kabisa ya retina, sehemu ile ile tunayoitumia kusomea, hakuna seli zinazofanya kazi gizani. Zimesongamana pembeni yake. Kwa hiyo jicho liangalie kando ya galaksi huku fikra zikibaki kwenye galaksi yenyewe. Upande wa kuangalia nao una maana, kwa sababu kila jicho lina doa lisiloona upande wa sikio. Ukitumia jicho la kulia, angalia kulia kwa galaksi, ili galaksi yenyewe iangukie upande wa pua; ukitumia la kushoto, fanya kinyume. Nimewahi kumwona mtu mwenye macho mazuri akishindwa kwa dakika nyingi kuuona mkia wa galaksi iliyolala ubavu, na tatizo lilikuwa kwamba alikuwa akiiangusha kila mara kwenye doa hilo. Nilipomwambia ahamishe macho upande wa pili, aliuona papo hapo.

Sababu ya tatu inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa wengi wanaielewa kinyume. Darubini kubwa haiufanyi uso wa galaksi ung'ae kuliko unavyong'aa kwa macho matupu. Hakuna darubini inayoweza kufanya hivyo kwa kitu kilichotanda. Inachokupa ni nafasi ya kuikuza galaksi ile ile mara nyingi huku uso wake ukibaki na mwangaza ambao jicho bado linaumudu, na jicho gizani huona kitu kikubwa kilicho hafifu kwa urahisi zaidi kuliko kitu kidogo kilicho hafifu vile vile. Hii ndiyo maana ya kuwa na kioo cha sentimita 40. Anayebaki kwenye ukuzaji wa mara 60 akiogopa kupoteza mwanga anaitumia darubini yake kama ndogo. Kwa darubini yangu, lenzi ya jicho ya milimita 18 inakuza mara 100 na duara la mwanga linalotoka humo kuingia machoni lina upana wa milimita 4. Lenzi ya milimita 9 inakuza mara 200 na duara hilo ni milimita 2. Maelezo mengi ya ndani ya galaksi nimeyaona kwenye duara la kati ya milimita 2 na 3. Ukifika milimita 1.3, yaani mara 300, kiini na mafundo madogo yanazidi kujitokeza, lakini kingo za nje zinaanza kuyeyuka. Basi tumia lenzi zaidi ya moja kwa mchoro mmoja, ile ya chini kwa mipaka ya galaksi na ile ya juu kwa kiini, na uandike pembeni kipi kilitoka wapi.

Baada ya hayo ndipo uangalie anga. Mwezi usiwepo. Miezi ya kiangazi ambamo mashamba huchomwa, moshi hukaa chini karibu na upeo, na galaksi kama NGC 253 iliyo kwenye kundi la nyota la Sculptor inafaa isubiriwe mpaka ipande juu kabisa. Galaksi hiyo, aliyoigundua Caroline Herschel mwaka 1783, hufika nyuzi zaidi ya 70 juu ya upeo wa Iringa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuichora ikiwa bado inachomoza.

Kitu kinaonekana, kisha kinapotea

Hilo ni la kawaida na si ugonjwa. Mwanga hafifu hujitokeza kwa sekunde moja au mbili na kuzama tena, na kazi ya mchoraji ni kutofautisha kinachorudi mahali pale pale na kile ambacho ubongo umekibuni. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nisichore kitu mpaka nimekiona mara tatu mahali hapo hapo, nikiwa nimeondoa jicho kwenye lenzi katikati ya kila mara. Kugonga mwili wa darubini kwa kidole ili picha itikisike kidogo husaidia sana, kwa sababu jicho linahisi mwendo wa kitu hafifu kuliko linavyohisi kitu kilichotulia. Usizuie pumzi unapokodoa; retina yenye kiu ya oksijeni huona vibaya zaidi, na watu wengi huzuia pumzi bila kujua pale wanapokaribia kuona kitu.

Kisichotimiza mara tatu kiandikwe kwa maneno, kisichorwe.

Nyota hazikai mahali pake, na galaksi imekuwa kubwa mno

Sababu karibu daima ni moja: umeanza na galaksi. Unapoanza nayo, unaipa ukubwa unaoupenda, kisha nyota zinabanwa katika nafasi iliyobaki. Anza na nyota mbili au tatu zinazong'aa zaidi, zigawe umbali wao kwa nusu na robo ya duara ulilolichora karatasini kuwa uwanja wa lenzi, halafu jenga pembetatu kutoka kwenye hizo hadi kila nyota dhaifu iwe na majirani wawili wanaoithibitisha. Galaksi iingie mwisho, ikiwa imebanwa na nyota hizo kama mto ulivyobanwa na kingo zake.

Ukubwa wa duara nao uwe wa kujulikana. Ukizungushia penseli diski ya CD unapata duara la sentimita 12, na kama lenzi yako ya milimita 9 ina uwanja wa kuona wa nyuzi 82, basi kwa ukuzaji wa mara 200 unaona kipande cha anga cha dakika za tao 25 hivi (dakika 60 za tao ni nyuzi moja), yaani kila milimita 5 za karatasi ni takribani dakika moja ya tao. Unaweza kuhakiki hilo bila kitabu: zima mota inayoifanya darubini ifuate nyota, kama unayo, iache nyota iliyo karibu na galaksi M104 ipite katikati ya uwanja kutoka ukingo hadi ukingo, na uhesabu. Inapaswa kuchukua sekunde 100 hivi. Ikichukua pungufu sana, nyota haikupita katikati, au uwanja wa lenzi ni mdogo kuliko ulivyoandikwa kwenye boksi.

Usahihi huu una manufaa yanayozidi uzuri wa karatasi. Robert Evans, mchungaji wa kanisa huko Australia, aligundua supanova, yaani nyota zinazolipuka, zaidi ya 40 kwa jicho lake kwenye lenzi, kwa sababu alizijua nyota zilizo mbele ya kila galaksi kiasi kwamba mgeni mmoja hakuweza kujificha. Mchoro wako wa mwaka huu, nyota zake zikiwa mahali pake, unaweza kukuonyesha mwakani kwamba pameongezeka kitu.

Mchoro umepinda, au nusu yake haikubaliani na nusu nyingine

Tatizo hili linatuhusu sisi wa karibu na ikweta kuliko wachoraji wa Ulaya, na sijaona likielezwa ipasavyo kwa ajili yetu. Darubini ya Dobson huzunguka kulia na kushoto, na kupanda na kushuka, lakini anga huzunguka kwa mhimili mwingine kabisa. Kadiri muda unavyokwenda, picha ndani ya lenzi hugeuka polepole, na inapokaribia utosini hugeuka haraka mno.

Chukua M104, ile yenye ukanda mweusi wa vumbi, iliyoko mpakani mwa makundi ya nyota ya Mashuke na Corvus. Mwanzoni mwa Juni, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, inapita juu ya Iringa ikiwa chini ya nyuzi 4 tu kutoka utosini. Katika nusu saa inayouzunguka wakati huo, picha yake kwenye lenzi hugeuka karibu pembe mraba nzima. Mtu aliyechora nyota saa mbili na robo, kisha akaja kuuchora ukanda wa vumbi saa tatu kasorobo bila kuigeuza karatasi, atauweka ukanda huo kukatisha mahali ambapo ulipaswa kulala. Nilifanya hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na nyota saba nilizozipanga kwa uangalifu mkubwa, na katikati yake galaksi iliyosimama wima kama mwiko chunguni, na nilishindwa kuelewa kwa siku mbili ni nini kilichotokea, kwa sababu kila kitu nilikuwa nimekiona kweli.

Dawa iko ya namna mbili. Ya kwanza ni kuchagua wakati: galaksi ichorwe saa moja na nusu kabla haijafika utosini au baada ya hapo, na wale wasio na mota watashukuru pia, kwa kuwa kusukuma darubini ya Dobson karibu na utosi ni kazi ngumu. Ya pili ni kuweka alama ya magharibi mara unapoanza, na kuirudia. Zima mota, tazama nyota inatoka ukingo upi, weka alama kwenye duara. Huko ndiko magharibi. Kisha sukuma mdomo wa darubini kidogo kuelekea kaskazini, na ukingo ambao nyota mpya zinaingilia ndio kaskazini. Huku kwetu nyota ya kaskazini iko chini ya upeo, hivyo sukuma tu kuelekea upande wa kaskazini wa upeo wako. Kila robo saa rudia jaribio la magharibi, na nyota ikitokea mahali pengine, igeuze karatasi yenyewe kwenye ubao mpaka alama zilingane. Usiguse kilichokwisha chorwa.

Kiini kimekuwa doa jeusi na kingo zimekuwa kama yai

Hapa naongelea mchoro wa penseli nyeusi kwenye karatasi nyeupe, ambao baadaye hugeuzwa rangi kwa kompyuta. Katika mchoro huo kilicho angavu ndicho cheusi. Doa na yai vyote viwili vinatokana na kugusisha ncha ya penseli kwenye galaksi moja kwa moja. Penseli ni ya nyota. Galaksi ipakwe kwa kijiti cha karatasi iliyoviringishwa, ambacho kwanza umekisugua kwenye kiraka cha penseli ya 2B ulichokichora pembeni, nje ya duara, kisha ukakifutia kidogo kwenye karatasi nyingine mpaka kiache alama unayoiona kwa shida. Anza na ukungu wa nje kabisa, mkubwa kuliko unavyodhani, ukizungusha bila kukandamiza. Ongeza tabaka la pili ndani yake, la tatu ndani zaidi, na kila baada ya tabaka rudi kwenye lenzi. Kiini huja mwisho. Galaksi halisi haina mstari wa mpaka, na ukiweza kuonyesha kwa kidole mahali galaksi yako inapoishia, umeshaipaka kupita kiasi.

Ukanda wa vumbi wa M104 usichorwe, uondolewe. Ipake galaksi nzima kana kwamba ukanda haupo, halafu kata raba kwa wembe ipate makali membamba, na uinue unga wa penseli kwa mguso mmoja mrefu, kusini kidogo ya kiini. Kwenye lenzi, kwa ukuzaji wa mara 200, ukanda huo hauji kama mstari mweusi. Kinachojitokeza kwanza ni kwamba upande mmoja wa mwanga umekatika ghafla huku upande wa pili ukififia taratibu, na baada ya dakika kadhaa za kutazama pembeni ndipo unauona mwanga mwembamba uliobaki ng'ambo ya mkato. Mchoro wenye mkato huo tu, bila mwanga wa ng'ambo, ni mchoro wa kweli wa dakika zile za mwanzo, na una thamani kamili.

Umechora mikono ya galaksi ambayo hukuiona

Hili ndilo kosa ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote, maana mchoro uliopinda unaweza kunyooshwa, lakini uliochanganywa na kumbukumbu ya picha hauwezi kutenganishwa tena. Dalili yake ni mikono ya mzunguko iliyo laini, yenye upana sawa, inayoizunguka galaksi mara moja na nusu kwa mpangilio ule ule wa picha ulizoziona kwenye simu mchana.

Inawezekana kuiona mikono kwa jicho. William Parsons, aliyejulikana kama Lord Rosse, aliiona ya galaksi M51 mwaka 1845 kwenye kasri la Birr huko Ireland, kwa darubini yenye kioo cha mita 1.8, na akaichora wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba kuna galaksi yenye umbo hilo. Hakuwa na picha ya kumdanganya. Kwa upande wa pili, Percival Lowell alichora mifereji ya Mirihi kwa miaka mingi huko Arizona, akiwa mtu makini mwenye darubini nzuri, na chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na sayari hiyo mwaka 1965 hakikuonyesha mfereji wowote. Bidii ya watu hawa wawili haikutofautiana. Lowell alikuwa ameshajua anachokitafuta.

Kinga yangu ni kwamba nisiangalie picha ya galaksi husika kwa wiki nzima kabla ya kuichora. Nachukua ramani ya nyota peke yake. Mikono ikijitokeza, huja vipande vipande: kipande hapa chenye upana, pengo jeusi pale, fundo dogo upande wa pili, na mara chache sana kama umbo zima. Chora vipande hivyo vilivyo, bila kuviunganisha. Galaksi M83 iliyoko kwenye kundi la nyota la Hydra, inayopanda karibu nyuzi 68 juu yetu, ni shule nzuri kwa zoezi hili, kwa kuwa mwanga wake wa kati umerefuka kama fimbo fupi na kipande cha mkono mmoja hujitokeza mapema kuliko vingine. M51 yenyewe kwetu haizidi nyuzi 35, kwa hiyo asiyeiona mikono yake kutoka hapa asijilaumu.

Nyota zote zimepata mikia, au picha nzima imekuwa ya maziwa

Mikia inayoelekea nje ya uwanja ni tabia ya kioo cha uwiano mfupi wa fokasi, yaani chenye fokasi fupi kikilinganishwa na upana wake, na mikia inayoelekea upande mmoja kila mahali ni dalili kwamba vioo havijanyooshwa. Vinyooshe kila unapoisimamisha darubini, si mara moja kwa mwezi. Nyota zinazochemka zinasema kioo bado kina joto la mchana, basi kitoe nje kabla ya jua kuzama na ukiwashie feni nyuma. Picha ya maziwa inayokuja taratibu usiku wa manane ni umande kwenye lenzi ya jicho au kioo cha pili. Lenzi zisizotumika ziwe mfukoni, karibu na mwili. Karatasi nayo hunywa umande, na kijiti hakipaki tena, kinakwaruza. Ukihisi hivyo, acha kuchora usiku huo.

Asubuhi mchoro hauna mwelekeo

Ukikuta hukuandika magharibi, usiujaze kwa kubahatisha. Chukua ramani ya nyota ya eneo hilo na uizungushe juu ya mchoro mpaka nyota zako tatu angavu zikae juu ya zake. Darubini ya vioo viwili huigeuza picha kama mtu anavyogeuza karatasi mezani, haiipindui kama kioo cha kujitazamia, kwa hiyo lazima upatikane mzunguko mmoja unaolingana. Usipopatikana wowote, angalia kama mchoro ulipinduliwa ulipoingizwa kwenye kompyuta, kosa linalotokea mara kwa mara wakati wa kugeuza rangi. Upindue tena na ujaribu upya. Ukikataa hata hapo, tatizo liko kwenye pembetatu zako za nyota. Andika hivyo chini ya mchoro, kwa tarehe na saa, na urudi kwenye galaksi hiyo Mwezi utakapokuwa haupo.